Jina Lako, Ploti Yao

Tuanze na herufi moja. Gene X. Hwang, mpiga picha wa San Francisco, alijiunga na Twitter mwaka 2007 akachukua jina @x. Wakati huo majina yalikuwa bwerere, na X ni herufi iliyo ndani ya jina lake mwenyewe. Alikaa nalo miaka 16. Kisha Julai 2023 Elon Musk, aliyekuwa ameinunua Twitter Oktoba iliyotangulia, akaamua kwamba mtandao huo sasa utaitwa X. Siku chache baadaye Hwang alipata barua pepe: jina limeenda. Akaunti yake ilipewa jina jipya lenye mkia wa nambari kama za risiti. Kama pole aliahidiwa bidhaa za kampuni, matembezi ofisini kwao na kikao na wakubwa. Pesa? Hata ya nauli hakuna.

Agosti mwaka huohuo ikawa zamu ya Jeremy Vaught, Mmarekani aliyeilea akaunti ya @music kwa zaidi ya muongo mmoja hadi ikafika wafuasi karibu nusu milioni. Kampuni ilichukua jina ikamwachia jingine: @musicfan. Hebu lisome tena polepole. Mtu aliyejenga jukwaa la muziki ameambiwa kuanzia leo yeye ni shabiki wa muziki.

Mambo kama haya yakitokea, jibu la mtandaoni huwa lilelile: si walipewa bure? Basi wasilie. Hilo ndilo jibu ninalolipinga hapa. Napinga pia jibu la upande wa pili, la wale wanaosema dawa ni kufanya majina haya yawe mali kamili, yenye hati, ya kununuliwa na kuuzwa. Yote mawili yanampa ushindi mtu mmoja, na mtu huyo si mimi wala wewe.

Ukifungua akaunti leo, skrini inakuuliza uchague jina lako. Ukichagua lililo na mwenyewe, inakuambia limeshachukuliwa. Lugha yote ya pale mlangoni ni ya umiliki. Ila ukishuka kwenye masharti ya matumizi, yale tunayoyapita mbio tukitafuta kitufe cha kukubali, sarufi inabadilika. Masharti ya Instagram yanasema kampuni inaweza kukubadilishia jina ikiona inafaa au ni lazima, kwa mfano kama jina linavunja haki za mtu mwingine au linajifanya mtu mwingine. Yanakukataza pia kuuza akaunti. Mlangoni unaitwa mwenye nyumba. Ndani ya mkataba wewe ni mgeni wa kulala.

Kampuni zenyewe zikibanwa husema wazi. Novemba 2024, mali za Infowars, mtandao wa Alex Jones, zilikuwa zinanadiwa chini ya mahakama ya ufilisi Marekani. X ikaenda kupinga akaunti zake zisihamishiwe mnunuzi. Hoja yao ilikuwa kwamba akaunti ni za kampuni, mtumiaji ana leseni tu. Simhurumii Jones, mtu aliyeeneza uongo kuhusu watoto waliouawa Sandy Hook. Lakini hoja ile haikumhusu yeye peke yake. Inamhusu kila mtu aliye na akaunti pale, pamoja na wewe unayeuza viatu vya mitumba usiku ukitoka kazini.

Mahakama nazo bado zinatafuta njia. Mwaka 2011 tovuti ya PhoneDog ilimshtaki mwandishi wake wa zamani, Noah Kravitz, aliyeondoka na akaunti yenye wafuasi takriban 17,000. Walidai dola 2.50 kwa kila mfuasi kwa kila mwezi, jumla dola 340,000. Kesi iliisha kwa maelewano Desemba 2012, na Kravitz akabaki na akaunti. Januari 2024, mahakama ya rufaa ya shirikisho kule New York ilisikiliza mvutano wa mbunifu wa magauni ya harusi, Hayley Paige Gutman, na kampuni iliyokuwa imemwajiri. Ikasema akaunti za mitandao zipimwe kama mali nyingine yoyote: nani alikuwa nayo tangu mwanzo, na je, haki zake zilihamia kwa mwingine? Ni hatua. Lakini ona kitu kimoja: kesi hizi ni za mpangaji dhidi ya mpangaji. Mwenye ploti hakushtakiwa.

Sasa tuwe wa haki. Kampuni zina sababu za kushika ufunguo. Kuna watu wanaokalia majina ya wengine wakingoja walipwe. Kuna matapeli wanaofungua akaunti kwa jina la benki ili waibie mama za watu. Mtu akijiita jina lako na kuomba marafiki wako pesa, utataka kampuni iingilie, tena haraka. Kwa hiyo sisemi ufunguo utupwe. Naangalia tu unavyotumika.

Mwaka 2012 Thea-Mai Baumann, msanii wa Australia, alichukua jina @metaverse kwenye Instagram. Oktoba 28, 2021, Facebook, wenye Instagram, walitangaza kwamba kampuni yao itaitwa Meta na kwamba kesho yao yote iko kwenye kitu kinachoitwa metaverse. Siku chache tu baadaye akaunti ya Baumann ikafungwa, na sababu aliyopewa ni kwamba anajifanya mtu mwingine. Soma hiyo tena. Mtu aliyetangulia kwa miaka 9 anaambiwa yeye ndiye mwigaji. Kazi yake ya muongo mzima ilipotea hadi Desemba, pale gazeti la New York Times lilipoanza kuuliza maswali. Hapo ndipo Instagram ikasema lilikuwa kosa, ikaomba radhi na kumrudishia. Wewe na mimi hatuna namba ya mhariri wa New York Times.

Au mchukue Kevin Keiley, mkaazi wa Sussex, Uingereza, na shabiki wa klabu ya Reading, ambayo jina lake la utani ni Royals. Jina @sussexroyal lilimkaa kama glavu. Aprili 2019 akaamka na kukuta ameongezewa vistari viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma, huku jina lake safi likiwa kwa Prince Harry na Meghan. Instagram ilitaja kanuni zake kuhusu akaunti zisizotumika. Hapakuwa na tapeli hapa, wala aliyeibiwa. Mkubwa alipenda kitu cha mdogo, basi.

Je, tufanye majina haya mali kamili? Soko la chini kwa chini limekuwepo kitambo, na halipendezi. Januari 2014 Naoki Hiroshima, ambaye aliwahi kuahidiwa dola 50,000 kwa jina lake @N, alilazimika kulitoa baada ya mwizi kuteka akaunti zake nyingine. Alilipata tena mwezi uliofuata, kesi yake ilipokuwa imevuma. Mark Herring hakuwa na bahati hiyo. Huyu alikuwa mzee wa miaka 60 wa jimbo la Tennessee, na jina lake lilikuwa @Tennessee. Alikataa kuliuza. Aprili 2020 vijana waliolitaka wakapiga simu ya uongo kwamba kuna mauaji nyumbani kwake. Polisi wakafika na bunduki, na Herring akafa kwa mshtuko wa moyo. Mmoja wa waliohusika alifungwa miaka 5. Watu hufikiri jina la mtandaoni ni kitu cha hewani. Mtu alikufa kwa ajili ya neno moja.

Na soko rasmi? Oktoba 2025 X ilitangaza soko lake la majina, ambamo majina ya nadra yana bei kubwa. Fuata mfuatano huo: kwanza hukuruhusiwa kuuza jina kwa sababu si mali yako, halafu kampuni inaliweka rafuni kama bidhaa. Ndiyo maana nasema jibu la "lifanywe mali" ni mtego. Mahali ambapo kila jina lina bei, anayeshinda ni mwenye mfuko mrefu, na kijana wa Kayole mwenye jina zuri ataamka na vistari viwili.

Kwa kweli, mjini hapa tunalijua jambo hili kuliko tunavyokiri. Nenda Luthuli au Kamukunji uulize bei ya stoo. Utatajiwa kodi, kisha utatajiwa gudwili. Gudwili ni nini? Ni bei ya wateja ambao tayari wamezoea kupita pale. Kuta ni za mwenye jengo, sawa. Lakini miguu inayopita mlangoni imeletwa na jasho la waliouza pale mwaka baada ya mwaka. Thamani ya @music ilikuwa gudwili. Herufi tano hizo hazikuwa na kitu 2007. Nusu milioni ya watu ndio walioufanya mlango uonekane.

Na sheria ya Kenya imeshafikiria hili kwa maduka. Cap 301, sheria ya wenye majengo na wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, haisemi mpangaji ndiye mwenye duka. Inachosema ni kwamba, kwa upangaji unaolindwa na sheria hiyo, hutolewi usiku mmoja. Unapewa ilani kwa maandishi, si chini ya miezi miwili, yenye sababu inayotambuliwa na sheria. Ukipinga, kuna mahakama maalum ya kwenda. Hata mwenye jengo akitaka nafasi kwa matumizi yake mwenyewe, na hiyo ni sababu halali, lazima aitaje na uwe na pa kujibu. Mama mwenye kioski cha chapati ana ulinzi ambao mtu wa wafuasi nusu milioni hana.

Mfano mwingine uko mfukoni mwako. Nambari ya simu si mali yako. Nambari ni rasilimali ya taifa inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini tangu Aprili 2011 unaweza kuhama mtandao mmoja hadi mwingine na nambari yako ileile. Hukuhitaji kuimiliki. Ulihitaji kanuni tu inayosema kampuni haiwezi kukushika mateka kwa sababu watu wako wamezoea kukupata hapo.

Tena Waswahili tuna historia ndefu ya majina ya kujitwalia. Ahmad Nassir wa Mombasa alijulikana kama Malenga wa Mvita, na mpaka leo ukilitaja jina hilo kwa mpenzi wa mashairi atajua ni nani. Washairi wa kurasa za magazeti wanatia sahihi kwa lakabu na mji. Lakabu haina hati wala bei. Inalindwa na kumbukumbu ya wasomaji: ukiiba ya mwenzio, utasutwa hadharani kwa beti. Wenye lakabu ni jamii inayoitambua. Mtandaoni tumeichukua desturi hiyo tukaipeleka mahali ambapo anayetambua jina ni mtambo wa kampuni, na mtambo hausuti wala hausutwi.

Kwa hiyo ninachodai si umiliki. Nadai vitu vinne ambavyo mpangaji wa Luthuli anavielewa bila wakili: ilani kabla ya kuchukuliwa, sababu ya kweli iliyoandikwa, mahali pa kukata rufaa penye binadamu, na kielekezi kinachowaonyesha wafuasi ulikohamia kwa muda unaotosha. Kampuni ikitaka jina kwa biashara yake yenyewe, basi ilipe gudwili. Na tusiambiwe kampuni hizi ziko mbali mno. Septemba 2024 Mahakama yetu ya Rufaa ilikubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya na waliokuwa wakichuja maudhui yake. Mlango ukifunguka kwa jambo moja, la pili linaweza kufuata.

Kwa sasa, wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Pakua kumbukumbu za akaunti yako. Weka orodha ya wateja wako mahali ambapo si mtandao mmoja. Ukiweza, sajili anwani yako ya intaneti ya .ke; nayo ni ya kukodi, lakini migogoro yake ina utaratibu unaojulikana, na mtandao kama Bluesky unakuruhusu kutumia anwani hiyo kama jina la akaunti. Fanya hivyo wiki hii, kabla bilionea fulani hajaamka asubuhi na kulipenda jina lako.