Kete ya Ishirini

Mwanamke anayeuza nyanya kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Nyamira, pale Sironga, hapangi bei, anapanga mafungu. Kuna fungu la kumi, la ishirini na la hamsini. Nyanya zikiadimika, fungu la ishirini hubaki la ishirini, ila nyanya moja huondolewa juu yake. Zikifurika sokoni, moja huongezwa. Hatakuambia fungu ni shilingi kumi na saba, maana mteja hana njia nyepesi ya kulipa kumi na saba, na yeye hana tatu za kurudisha. Mwenye duka jirani hufanya vivyo hivyo kwa mafuta ya kupikia: unasema "ya ishirini", naye anakupimia ya ishirini. Tumezoea kuamini kwamba sarafu huzifuata bei. Uchumi wa kadogo, wa kununua vitu kwa vipimo vidogo vidogo, unaonyesha kinyume chake: bei huzifuata sarafu, na bidhaa hukatwa hadi itoshee. Basi anayechagua ni sarafu zipi ziwepo na zipi zisiwepo amekwisha kuamua, kwa kiasi kikubwa, watu watauziana vipi. Huo ni ufundi, na kwa kawaida hufanywa na Benki Kuu mbali na macho yetu. Lakini ipo karakana moja ndogo ambamo mtu wa kawaida hufanya kazi hiyo mwenyewe: meza ya poka nyumbani, ambako mwenyeji huwa benki kuu ya usiku mmoja.

Nifafanue ni poka ipi. Kwa vijana wengi wa Kenya, poka ni ule mchezo wa kumaliza karata mkononi na kutangaza "niko kadi", na huo hauhitaji hata kete moja, yaani kisahani cha kuwekea dau. Ninayoizungumzia ni ile ya madau: kila mchezaji ana karata mbili za siri, tano zinafunuliwa katikati ya meza hatua kwa hatua, na katika kila hatua mtu anaweza kupita, kuweka dau, kuliongeza au kutupa karata zake. Wawili huweka dau la lazima kabla karata hazijaonekana, mmoja dogo, mwingine mara mbili yake. Tena nasema juu ya mchezo wa fedha taslimu, si mashindano. Kwenye mashindano kete ni alama tu, na madau ya lazima yakipanda, kete ndogo huondolewa mezani. Kwenye mchezo wa fedha kete ya tano ni shilingi tano tangu saa ya kwanza hadi ya mwisho, na mtu anaweza kuingia, kuongeza mtaji au kuaga wakati wowote. Kosa la kupanga thamani halijirekebishi lenyewe. Litawasumbua wachezaji usiku kucha.

Tuseme wachezaji ni sita, madau ya lazima ni shilingi 5 na 10, na kila mmoja anaanza na shilingi 1,000. Swali la fundi ni hili: baada ya kete ya tano, ambayo haiepukiki kwa kuwa dau dogo ni tano, kete inayofuata iwe ya ngapi? Chukua kila kiasi kinachogawanyika kwa tano chini ya mia, ukihesabu na sifuri ya anayepita bila kuweka kitu, uone kwa wastani mkono utashika kete ngapi kukilipa. Ukiwa na kete za tano peke yake, wastani ni 9.5. Ukiongeza ya hamsini, unashuka hadi 5. Ukiongeza ya ishirini badala ya hamsini, unashuka hadi 3.5. Ukiziweka zote, ya tano, ya kumi, ya ishirini na ya hamsini, unafika 2.2. Kwa haraka mtu atasema basi tuziweke zote. Lakini angalia umelipa nini: rangi mbili zaidi za kutambua mezani ili kupunguza kete moja na kitu kwa kila malipo. Dau la thelathini sasa linaweza kuja kama ishirini na kumi, kumi tatu, ishirini moja na tano mbili, na kadhalika, na kila linapokuja jicho la jirani lazima lisome upya. Kete ya kumi hasa ni mvivu: kazi yote inayoifanya ni kuokoa tano moja. Ya hamsini imeruka mbali mno; madau ya mwanzo, ambayo aghalabu huwa kati ya ishirini na sitini, hulipwa kwa rundo la tano tano, na chungu, yaani madau yaliyokusanyika katikati ya meza, hujaa takataka za kuhesabu. Ya ishirini ndiyo inayokaa mahali pake. Kuongeza dau hadi thelathini ni ishirini moja na tano mbili. Sitini ni ishirini tatu. Hakuna anayehitaji kufikiri.

Wataalamu wa hesabu wameupitia uwanja huu kabla yetu. Mwaka 1612 Mfaransa Claude-Gaspard Bachet de Méziriac alionyesha kwamba mawe manne ya mizani, ya 1, 3, 9 na 27, yanatosha kupima uzito wowote hadi 40, mradi unaweza kuweka mawe pande zote mbili za mizani. Malipo yenye chenji ni mizani ya namna hiyo: wewe unaweka huku, muuzaji anaweka kule. Kwa uchache wa vipande, kuzidisha kwa tatu ni mpango mzuri ajabu. Mwaka 2003 naye Jeffrey Shallit, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akifundisha Canada, alipiga hesabu za sarafu za Marekani za senti 1, 5, 10 na 25, akakuta kwamba kiasi chochote chini ya dola huhitaji wastani wa sarafu 4.7, na kwamba ya kumi ikibadilishwa kwa ya senti 18 wastani hushuka hadi 3.89. Hesabu ni sahihi, lakini sarafu yenyewe haifai kitu. Kulipa senti 36 kwa sarafu hizo kunahitaji mbili tu za 18, lakini mkono uliozoea kuanza na kubwa utatoa 25, 5, 5 na 1, na mwenye mkono hatajua amepotea wapi. Burma ilijaribu mambo ya aina hii kwa watu halisi: mwaka 1987 utawala wa Ne Win ulifuta noti za kyat 25, 35 na 75, ukatoa za 45 na 90, namba zinazogawanyika kwa tisa, tarakimu aliyosimuliwa kuipenda. Akiba za watu ziliyeyuka, na waliobaki na kitu walilazimika kujifunza kujumlisha upya sokoni. Uchache wa vipande si kipimo pekee. Kipimo kingine ni kile ambacho kichwa kilichochoka, saa tano za usiku, kinaweza kufanya bila kukusudia.

Hapo ndipo inapoamuliwa kesi ya ishirini na ishirini na tano. Seti nyingi za kete zinazouzwa zimechapwa kwa mazoea ya Marekani: 1, 5, 25, 100. Ukipiga hesabu ile ile ya awali kwa 5 na 25, utapata 3.5, sawasawa kabisa na 5 na 20. Hesabu haichagui. Kinachochagua ni mahali. Mmarekani ana robo dola mfukoni tangu utotoni. Kenya nayo ilikuwa na sarafu ya senti 25 ilipoanza kutoa fedha zake yenyewe mwaka 1966, lakini haikudumu. Leo nani analipa kitu cha shilingi ishirini na tano bila kusita kidogo? Mbao, yaani shilingi ishirini, kwa upande mwingine, ni kipimo cha maisha: fungu la nyanya, mafuta ya kupikia, mandazi ya asubuhi. Mia ni mbao tano, na hata anayekimbia hesabu anajua hivyo. Ndiyo maana naona kete zisizochapwa namba, zenye rangi tu, zinatufaa zaidi kuliko zile zilizoletwa na namba za watu wengine.

Mtu atauliza kwa nini tusitumie shilingi zenyewe, madamu tunazo. Swali ni zuri, na jibu lake linaonyesha kwamba seti nzuri ya taifa si lazima iwe seti nzuri ya meza. Kenya ina sarafu za 1, 5, 10 na 20, zile zilizozinduliwa Desemba 2018 zikiwa na twiga, kifaru, simba na tembo, na noti za 50, 100, 200, 500 na 1,000. Ni ngazi tisa, na taifa linazihitaji kwa sababu bei zake ni za kila namna na watu hulipana bila kujuana. Mezani ngazi tisa ni vurugu. (Mwaka 2003 tuliongezewa ngazi nyingine, sarafu ya shilingi 40, kusherehekea miaka arobaini ya uhuru. Kama kumbukumbu ni nzuri. Kama kifaa cha kulipia ni ishirini mbili zilizoshikana, na ni vigumu kuona mtu aliyewahi kuihitaji.) Isitoshe, noti huficha. Elfu moja iliyokunjwa na hamsini iliyokunjwa hukaa mezani kwa unyenyekevu ule ule, na katika mchezo ambao kila mtu ana haki ya kuona mwenzake amebakiwa na kiasi gani, hilo ni kasoro kubwa. Kete zikipangwa, mtaji unasomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Pingamizi zito zaidi ni la maadili. Gusii, yaani Kisii na Nyamira, ni nchi ya Wasabato na Wakatoliki, na wengi watasema kwamba kusifu ufundi wa kete ni kuipaka kamari rangi. Tena wana hoja kali ambayo mashabiki hupenda kuikwepa: kete hufanya fedha isahaulike. Nyumba za kamari zinalijua hilo vizuri. Ni rahisi kusukuma kipande cha plastiki kuliko kutoa noti. Siwezi kuikana hoja hii. Lakini ukiifuata hadi mwisho, inaangukia kwenye kazi ile ile ya kuchagua thamani. Kinachosahaulisha ni kete kubwa mno. Weka za elfu mezani, na mtu atasukuma mbili kwa mkono ule ule uliosukuma ishirini mbili. Mwenyeji mwenye busara huanza na swali la kiasi gani kila mmoja anaweza kupoteza bila nyumba kujua njaa, kisha hushusha ngazi zote kutoka hapo. Na kama jibu ni sifuri, watu wacheze kwa maharagwe na hesabu zote za juu zibaki vile vile. Linganisha na kamari inayowala vijana wetu kweli, ya kwenye simu. Huko hakuna kipande cha kushika. Kuna tarakimu kwenye kioo na M-Pesa mlango wa pili, na mia tano huondoka kwa uzito ule ule wa hamsini. Rundo la kete linalopungua mbele ya macho ya majirani watano ni breki ambayo simu haina. Breki dhaifu, nakubali.

Kutoka kwenye uamuzi wa ishirini, mengine yanajipanga karibu yenyewe: 5, 20, 100, na 500 chache. Kila mmoja apewe kete ishirini za tano, ishirini za ishirini na tano za mia, yaani 100 na 400 na 500. Wapo wanaodai mtu apewe za mia nyingi ili mchezo uchangamke. Matokeo huwa kinyume: baada ya mizunguko michache tano zote zimekusanyika kwa mtu mmoja, na kila dau linasimama kusubiri chenji. Meza ya watu sita inachukua kete 270 zenye thamani ya shilingi 6,000. Katika seti ya kete 300 zinabaki thelathini: za mia ishirini na za mia tano kumi, shilingi 7,000 za kumwuzia anayetaka kuongeza mtaji. Ya mia tano isigawiwe mwanzoni. Ikae kwa mwenye benki, itoke tu mtu anaponunua upya.

Rangi zitofautiane kwa mwanga na giza, si kwa jina tu, kwa sababu taa hafifu au stima iliyopotea huzigeuza bluu na kijani kuwa kitu kimoja. Na unene uwe sawa kabisa. Hapa mtu wa Gusii hupata kishawishi cha pekee, maana mawe laini ya kuchonga ya Tabaka yako karibu, na wachongaji wanaotengeneza seti nzima za sataranji hawawezi kushindwa na kisahani cha mviringo. Lakini kete ya kawaida ina unene wa milimita 3.3 hivi, na wachezaji huhesabu ishirini kwa kusimamisha rundo moja kando ya lingine na kuangalia kimo. Msasa wa mkono ukikosea nusu milimita kwa kila kisahani upande ule ule, rundo la ishirini limekosea milimita kumi, yaani kete tatu nzima, shilingi sitini za mtu kama ni za ishirini. Jiwe basi lisitumike kwa tano wala kwa ishirini. Kwa zile kumi za mia tano, ambazo huhesabiwa moja moja na hazisimamishwi rundo, linafaa sana: la waridi lenye michirizi, lililopigwa nta, zito kuliko plastiki kiasi cha anayelisukuma kulisikia likiondoka. Sakafu ya saruji ndiyo adui yake, kwa hiyo mwenyeji aagize kumi na mbili.