Mstari wa Msumari

Kabla hajagusa spana hata moja, fundi alipitisha mkono nyuma ya madigadi na kulipapasa tairi la mbele la kushoto, jinsi mnunuzi anavyopapasa kitenge sokoni kujua kama ni chenyewe au cha kuigiza. Kiganja kilipotoka ndani kwenda nje kilipita laini. Kiliporudi kikakwaruzwa: vipande vya mpira vilikuwa vimechongoka vyote upande mmoja kama meno ya msumeno. Akaenda upande wa pili, akapapasa, akatikisa kichwa.

"Yanatazama nje," alisema. "Kila gurudumu lina safari yake."

Nilimwambia, kwa heshima, kwamba haiwezekani, maana usukani umenyooka. Mzee alinitazama kwa huruma.

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu ya mfululizo wa 70, ile ambayo huku Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, kila mbeba chanjo, kila padri na kila mwenye mchele wa kuuza anaitamani. Karakana moja mjini ilikuwa imeliinua sentimita 5 kwa springi ndefu zaidi, ili tumbo lake lisikwame kwenye tuta linalobaki katikati ya njia baada ya malori kuchimba mifereji miwili pembeni. Waliponikabidhi, usukani ulikuwa umekaa sawasawa kama picha ukutani. Nikalipa, nikashukuru. Lakini safari nzima ya kutoka Kabambare hadi Kasongo nililishika gari hilo kama mtu anayetoka mnadani na mbuzi: nikilegeza kamba kidogo tu, ameshaona majani upande wa pili.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataniuliza, na ana haki, kwa nini mtu ajisumbue na mpangilio wa magurudumu mahali ambapo hakuna lami. Mambo haya si ya barabara kuu, ya mwendo wa kilomita 100 kwa saa? Nami niliwahi kufikiri hivyo. Kwenye matope ya Februari tairi halijui linatazama wapi, linafuata mfereji tu. Ila penye kijito pana magogo, yamechongwa juu kwa shoka, mawili upande huu na mawili upande ule, na pengine ni moja moja. Tairi la 7.50 R 16 lina upana wa sentimita 20 hivi. Gogo lina 30, likiwa jema. Hesabu iliyobaki ni ya dereva na Mungu wake, na gari linalotangatanga upana wa kiganja huwa limeshaimaliza hesabu hiyo kabla dereva hajaianza.

Njia hii haikuzaliwa kwa ajili ya magurudumu. Ilikuwa njia ya misafara, ya watu wa Tippu Tip na wa Rumaliza, wale wafanyabiashara wa pembe na watumwa, kati ya Kasongo na Ziwa Tanganyika, kuelekea Ujiji ng'ambo. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa wapagazi na mwa watumwa, mmoja nyuma ya mwingine, na upana wote uliohitajika ulikuwa upana wa unyayo. Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, kwa vidonda vya miguu. Mwaka 1876 Stanley alipita na mashua yake, Lady Alice, imekatwa vipande na kubebwa na watu. Njia imepanuka tangu hapo, lakini desturi yake ya kale haijaiacha: bado inadai mguu wa nyuma ukanyage pale ulipokanyaga wa mbele.

Fundi huyu anafanya kazi Kasongo, chini ya miembe, kwenye sakafu ya saruji iliyobaki baada ya ghala kubomoka. (Miembe na mpunga vilikuja huku na misafara hiyohiyo, pamoja na lugha hii ninayoandikia; mabaya ya misafara tunayajua, na vivuli vya miembe yake tunavikalia.) Kazi yenyewe ya kupanga magurudumu anaiita "paralelisme", kama mafundi wote waliosomea Kifaransa cha gereji. Sakafu alishaipima kwa mpira mwembamba wa maji, kama waashi wanavyopima msingi, na mahali ambapo kila tairi litakaa pamechorwa rangi nyeupe. Gari likikaa nje ya alama hizo, hapimi.

Siku ya kwanza hakupanga kitu. Nilitegemea kuona uzi na chaki, nikaona jeki. Aliinua gurudumu, akalishika juu na chini, akalitikisa, kisha akalishika kulia na kushoto, akalitikisa tena, sikio likiwa karibu na rimu. Upande wa kulia ulitoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha. Hapo akafungua fimbo zote za usukani, akamtuma mwanafunzi wake alete mzani wa springi, ule ambao akina mama hupimia samaki wa Lualaba. Akaufunga kwenye mkono wa chuma unaogeuza gurudumu, akavuta polepole. Kwenye ekseli hii nguvu ya kulianzisha gurudumu kugeuka inatakiwa iwe kati ya kilo 3 na 6. Mzani ulisoma moja na nusu. Beringi za kifundo zilikuwa zimelegea. Ikabidi kifundo kifunguliwe, grisi yote iliyogeuka uji wa kahawia ipanguswe, na bati moja jembamba kama karatasi ya sigara litolewe chini ya kifuniko. Kazi hiyo peke yake ilikula mchana kutwa.

Hapa ndipo nilipoanza kumwelewa. Mpangilio wa magurudumu ni kazi ya mwisho katika mlolongo mrefu, na wengi wetu tunaitaka iwe ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana. Waliyoyafanya kule mjini yakawa wazi. Gari likiinuliwa, fimbo inayotoka kwenye sanduku la usukani kwenda kwenye gurudumu hubadilisha mwinamo wake, na usukani hupinda. Dawa ni kuirefusha au kuifupisha fimbo hiyohiyo. Wao walikuwa wameizungusha nyingine, ile inayounganisha magurudumu mawili, mpaka usukani ukanyooka. Yaani waliyapinda magurudumu ili usukani upendeze. Nami niliusifu.

Asubuhi ya pili alining'iniza timazi kwenye chasi, kushoto na kulia, na kupima kutoka uzi hadi rimu. Ekseli ilikuwa imesogea milimita 8 upande mmoja, kwa sababu fimbo ya mshazari inayoizuia isiende kando hailijui neno "kuinua": urefu wake ni uleule, mwili ukipanda lazima ivute. Hilo alilimaliza haraka, kwa fimbo yenye nyuzi za kurekebishia aliyokuwa nayo kwenye kreti. Lililofuata ndilo lililotugharimu siku tisa.

Aliikamata kinga ya mwanafunzi wake (ndivyo tunavyoiita baiskeli huku) na kuisimamisha mbele yangu.

"Tazama uma, mwanangu. Umelala nyuma. Vuta mstari wake mpaka chini, unagusa wapi?"

Nilivuta kwa kidole. Uligusa udongo mbele kidogo ya pale tairi lilipogusa.

"Basi tairi linafuata nyuma. Haliongozi. Ndiyo maana kijana akishuka mlima anaachia mikono na kinga inanyooka yenyewe. Uma ukisimama wima, ataanguka."

Ekseli ya mbele ya gari hili imeshikwa na mikono miwili mirefu ya chuma iliyofungwa kwenye chasi kwa nyuma. Chasi ikipanda sentimita 5, mikono inainama zaidi, nayo ekseli inazunguka pamoja nayo. Nyuzi 2 hivi za ule mwinamo wa uma zinapotea. Jicho haliioni pembe hiyo. Mabega yanaiona, ikifika saa ya nane ya safari. Mzee aliipima kwa kipimapembe cha plastiki cha mtoto wa shule, alichokitoboa katikati na kukifunga uzi wa pamba wenye nati mwishoni. Nilikicheka kimoyomoyo. Nikakumbuka kwamba ardhi inavuta nati ya Kasongo kwa unyofu uleule inaovuta chombo chochote cha maabara, nikanyamaza.

Dawa yake ni bushi ambazo tundu lake halikutobolewa katikati, ili mikono ile ikamatwe kwa pembe nyingine. Zilitoka Uvira, kando ya ziwa, zikafika nyuma ya pikipiki, gunia moja na ndakala, yaani dagaa, wakavu. Gari lilinuka ziwa mwezi mzima.

Ndipo ikaja siku ya msumari.

Kwanza alipaka chaki kuzunguka tairi lote, katikati ya meno. Akaliinua gurudumu. Msumari ulikuwa umepigiliwa kwenye kipande cha mbao, mbao imelazwa juu ya matofali mawili, mguu wake juu ya mbao, ncha ikigusa chaki kwa shida. Mwanafunzi akalizungusha gurudumu kwa mikono miwili. Mzee hakupumua, namaanisha hivyo hasa, kifua chake kilisimama. Ukabaki mstari mmoja mweusi, mwembamba kama unywele, umezunguka na kukutana na mwanzo wake. Nilipoinama niliona jambo lililonishangaza: mstari haukuwa katikati ya tairi. Mahali pengine ulikaribia kushoto, mahali pengine kulia, kwa sababu rimu imepinda kidogo, kama rimu zote zilizopita njia hizi. Lakini mstari wenyewe haukupinda. Umechorwa na mzunguko, si na umbo la tairi. Ndani ya gurudumu lililopinda alikuwa ametafuta gurudumu la kweli na kuliandika.

Chini ya kila tairi akaweka mabati mawili, katikati yake mawese, ili gari likishushwa matairi yateleze na kukaa yanapotaka yenyewe, si yanapolazimishwa na msuguano wa saruji. Tukapanda bampa, tukalitikisa, likatulia. Kipimo chake ni fimbo mbili za mwanzi zilizolazwa pamoja na kukazwa kwa vipete vya mpira wa ndani wa tairi, zinazoteleza moja juu ya nyingine, kila moja na msumari mwishoni. Akalala chali nyuma ya ekseli, akazirefusha hadi misumari ikagusa mistari miwili kwenye kimo cha kitovu cha gurudumu, akapiga alama ya penseli. Akatoka, akaja mbele, kimo kilekile, akapiga alama ya pili. Hahitaji kujua umbali kutoka tairi hadi tairi. Anahitaji tofauti. Alama mbili ziliachana kwa upana wa ukucha wa kidole changu cha mwisho: milimita 9, na zilikuwa zimefunguka kwa mbele. Zinatakiwa zifunge kwa 1 au 2.

Alizungusha fimbo robo ya mzunguko, akatikisa gari, akapima. Akazungusha tena. Ikafika. Nikainuka kupangusa magoti, kumbe bado: alikaza klempu, akapima upya, na kule kukaza kulikuwa kumehamisha nusu milimita. Akalegeza, akaanza tena. Mara tatu. Mashine za kompyuta za Dubai au Nairobi hupima kwa wepesi na kwa undani ambao mwanzi hauwezi, sitazitukana. Ila mashine husoma pale ulipoiweka. Ukiiweka juu ya kifundo kilicholegea, itakuandikia uongo wenye desimali mbili.

Alipima magurudumu yakiwa yamenyooka kabisa, kwa kuwa kwenye kona hayatakiwi kuwa sambamba: la ndani hugeuka zaidi kuliko la nje. Mwenye wazo hilo alikuwa mtengeneza magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, mwaka 1817. Hataza ilisajiliwa London mwaka 1818 na wakala wake, Rudolph Ackermann, na mpaka leo wengi wanaliita kwa jina la wakala.

Mwisho kabisa aligusa usukani. Ulikuwa umepinda vibaya sana, nami sikuwa nimeuliza. Aliizungusha fimbo ile ya sanduku, ile iliyostahili tangu awali, ukarudi mahali pake kwa dakika tano.

Nilidhani tumemaliza, akanyoosha uzi wa kuvulia kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Uzi haukulingana, la mbele lilijitokeza nje. Nikashtuka. Akacheka kwa mara ya kwanza. Gari limezaliwa hivyo: mwaka 2007 Toyota ilipopanua pua ya mfululizo wa 70 ili injini ya V8 iingie, ekseli ya mbele ilipanuka na ya nyuma ikaachwa. Tofauti ni milimita 95, nusu yake kila upande. Alichokuwa akitafuta ni kama nusu hizo zinalingana kushoto na kulia. Zililingana.

"Ukifika kwenye magogo," aliniambia akikunja uzi, "la mbele lipeleke nje kidogo. La nyuma litakanyaga ndani."

"Aksanti, Mzee."

Kwenye kijito cha kwanza cha njia ya Kabambare nilishusha abiria, nikaingia kwa gia ya chini, mikono imelala tu juu ya usukani. Ng'ambo nilisimamisha gari na kurudi kwa miguu. Juu ya gogo la kushoto matope ya tairi la mbele yalikuwa yamechapa meno yake karibu na ukingo wa nje, na juu yake, kwa ndani, upana wa vidole vitatu, yale ya nyuma.