Kuchomoa na kupachua: juu ya neno «imehifadhiwa» katika kompyuta

Wanafunzi wetu wanapoandika kazi zao za mwisho wa masomo, kompyuta huwaarifu kila mara kwamba maandishi yao yamehifadhiwa. Sisi wanaisimu hatuna budi kulikagua neno hilo. Kiambishi -me- chadai kwamba tendo limetimia na matokeo yake yapo hivi sasa. Kwa habari ya diski zinazochomolewa, dai hilo mara nyingi si kweli, na Kiswahili kina maneno ya kulisahihisha.

Mwanafunzi mmoja tuliyekuwa tukimsaidia alimaliza sura yake ya tatu kwenye kompyuta ya mwenzetu, inayoendeshwa na Linux. Alihifadhi, akafunga programu, akachomoa flashi, akaenda zake. Nyumbani alikuta jina la faili lipo, ukubwa wake sufuri. Mifano yote ya mazungumzo aliyoikusanya sokoni kwa miezi kadhaa ilikuwa imetoweka. Wengi walimlaumu kwa haraka yake. Kwa maoni yetu walimlaumu bure: aliambiwa imehifadhiwa, naye akasadiki.

Kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu ya ndani inayosimama kati ya programu nyingine na vyombo, hakiandiki diskini papo hapo. Hupokea maandishi, huyaweka katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha hujibu kwamba kazi imekwisha. Katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, maandishi yaweza kungoja sekunde 30 kabla ya kuhesabiwa kuwa yamekawia, na mtumishi wa kuyapeleka huamka kila baada ya sekunde 5. Sababu yake ni njema, maana diski huenda polepole mno ikilinganishwa na kumbukumbu.

Flashi ikichomolewa katika muda huo, kiini hujilinda kwa ustadi. Hutambua kwamba chombo hakipo tena, na kila programu inayojaribu kukisoma huipa jibu la kosa. Hata hivyo hakikifuti chombo katika daftari lake maadamu kuna anayekishika. Huwahesabu washikaji hadi wa mwisho aachilie. Ukiirudisha flashi ile ile wakati jina la zamani lingali limeshikwa, huipa jina jipya, sdc badala ya sdb, na maandishi yaliyokuwa njiani hayaifikii. Wako wanaouita huo ukaidi. Sisi twauona ni busara: huenda flashi imeandikwa katika kompyuta nyingine kati ya hapo, na kuyamwaga maandishi ya zamani juu ya mapya kungeiharibu yote.

Lawama yetu iko kwingine. Baada ya kujiokoa, kiini huandika mstari mmoja wa kosa katika kumbukumbu za mfumo, ambazo mwanafunzi hajui hata kama zipo. Programu iliyokwisha kufungwa haipati habari. Hata zile zilizobaki na kuuliza hazikujibiwa vema siku zote: kabla ya Linux 4.13 ya mwaka 2017, programu moja iliweza kupokea taarifa ya kosa, na nyingine yenye faili hiyo hiyo ikaambiwa kwamba yote ni salama.

Sasa tuyatazame maneno. Linux, kwa kufuata desturi za Unix, hutenga matendo mawili, la mkono na la kiini, lakini sisi madarasani twasema «kuondoa» kwa yote mawili. Hapo ndipo mwanafunzi hupotea. Kumbe Kiswahili, kwa mnyambuliko wake wa kutendua, kimekwisha kugawa kazi. Chomeka na chomoa ni za mkono. Pachika na pachua zakifaa kiini, ambacho huunganisha diski na mti wa majalada, kisha huitoa baada ya kupeleka yote yaliyongoja.

Kuna na ujumbe mwingine. Mtu akitaka kupachua diski ilhali faili yake moja ingali wazi, kiini hukataa na kudai kwamba kifaa kina shughuli. Kifaa hakina shughuli yo yote! Kimeshikwa. Kauli hiyo ya kutendwa humfanya msomaji aulize mara moja, kimeshikwa na nani? Akimjua mshikaji, atajua programu ya kufunga.

Tutaambiwa kwamba Windows 10, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imeufanya uondoaji wa haraka kuwa mpangilio wa kawaida, na kwa hiyo maandishi hayakai njiani sana. Ni kweli, na twaisifu. Ila faili kubwa inayokatwa katikati ya kuandikwa hukatika vile vile.

Twapendekeza basi kwamba watafsiri waandike «inahifadhiwa» hadi diski yenyewe ikiri kupokea. Njia ya kuiuliza ipo: ni wito uitwao fsync, usiorudi kabla ya jibu hilo. Programu nyingi haziutumii kwa kuwa unachelewesha, nasi twaufahamu udhuru huo. Mwanafunzi wetu aliiandika sura yake upya kwa majuma mawili. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, na mifano ya sokoni haimo.