Stresi na Kukata Tamaa katika Usemi wa Kinondoni

Neno *stresi* hulaumiwa kuwa ni uvivu wa vijana wa mjini, ilhali Kiswahili kina huzuni, majonzi, simanzi na jitimai. Lawama hiyo huhesabu maneno bila kuitazama sarufi yake. Majonzi na simanzi huelekea msibani: chanzo kinajulikana, na waombolezaji wapo. *Kukata tamaa* ni kitenzi na yambwa yake; aliyeumia ndiye mtenda, naye ndiye anayeonywa asikate.

Mpangaji wa Kinondoni aliyekosa kodi ya chumba husema “nina stresi”. Muundo ni ule wa “nina njaa” na “nina homa”: hali imempata, hakuitenda. Tena stresi ina mtoaji. Mwenye nyumba “anampa stresi”. Ikisemwa kwamba “anamtia huzuni”, shitaka limegeuka kuwa huruma. *Msongo wa mawazo*, kisawe kinachopendekezwa mara nyingi, huirudisha shida kichwani mwa mgonjwa, ilhali “stresi za maisha” huiacha nje, kwenye kodi na nauli. *Sonona*, iliyoteuliwa kwa ajili ya tiba ya akili, ni istilahi nzuri, ila inataja ugonjwa. Mpangaji huyu hajasema kwamba anaumwa.

Wahakiki nao hawana haki kubwa ya kumcheka. Ili kumweleza Kazimoto, anayejiua katika *Kichwamaji* (1974) ya Kezilahabi, waliiendea falsafa ya Ulaya wakarudi na *udhanaishi*. Wazo hilo la kukopa lilivishwa umbo la Kiswahili likapata heshima. Stresi, iliyoingia na sauti zake za kigeni, bado inangojea mlangoni.