Shahidi na Mfinyanzi: Picha ya Kamera na Picha ya Kompyuta katika Filamu

Neno "dijitali", litumikapo katika uhakiki wa filamu, aghalabu huficha mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni upigaji picha kwa kamera ya kidijitali: mwanga utokao kwa mtu au kitu kilichosimama mbele ya lenzi hupokelewa na kugeuzwa kuwa tarakimu. La pili ni taswira iundwayo na kompyuta. Hapa si lazima kitu wala lenzi iwepo. Umbo, mwanga na kivuli hukokotolewa. Kamera, basi, ni shahidi. Kompyuta ni mfinyanzi.

Historia yathibitisha kwamba mambo haya hayategemeani. Jurassic Park (1993) ilipigwa kwa mkanda wa seluloidi, ilhali baadhi ya dinosauri wake waliundwa kwa kompyuta. Festen (1998) ya Thomas Vinterberg ilipigwa kwa kamera ndogo ya kidijitali bila kutegemea madoido ya kompyuta.

Tofauti hii ina uzito katika kuzisoma filamu za Kenya. Katika Pumzi (2009) ya Wanuri Kahiu, Asha anaishi Maitu, jamii iliyojifungia baada ya vita vya maji. Mji huo haupo duniani, sharti ufinyangwe. Hata hivyo, mwili unaotembea jangwani na kukikinga kichipukizi ni wa mwigizaji aliyekuwa mbele ya kamera. Hadhira huuamini mti wa mwisho kwa kuwa imekwisha kuuamini mwili huo.

Something Necessary (2013) ya Judy Kibinge yamfuata Anne, aliyempoteza mumewe katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Yaweza kudaiwa kuwa mwigizaji naye hubuni. Ni kweli, lakini hubuni mbele ya lenzi, na uso wake hubaki kuwa uso wa mtu. Kamera hushuhudia kwamba mtu alisimama pale, si kwamba tukio lilitokea.

Kwa msomaji wa Eldoret, suala hili si la nadharia tupu. Kanisa la Kiambaa lilichomwa tarehe 1 Januari 2008. Filamu itakayoisimulia siku hiyo yaweza kuunda moto wake kwa kompyuta bila kusema uongo, mradi isiudai kuwa ushahidi. Kosa huanza pale taswira iliyofinyangwa inapovishwa joho la shahidi. Na mhakiki asiyeuliza picha imetoka wapi hawezi kulitambua.