Kusoma Madoa ya Mgunga

Ukisafiri kutoka Garissa kuelekea Modogashe utaona migunga, vumbi na ngamia. Mtambuzi wa kuvumwani huona zaidi, ila sharti ashuke garini, apige goti mbele ya shina, aweke lenzi karibu kabisa na jicho, kisha asogeze uso mpaka pua ikaribie gome. Hapo doa la kijivu ulilodhani ni kovu la mti huonyesha mpaka wake, nyufa zake na vijitundu vyeusi.

Doa hilo ndilo kuvumwani, nayo ni ubia. Kuvu hujenga nyumba na kunasa unyevu. Mwani, au bakteria wa kijani-samawati, hukaa ndani na kupika chakula kwa mwanga wa jua. Mti hutoa mahali pa kukaa tu, haunyonywi. Mswisi Simon Schwendener alipotangaza ubia huu mwaka 1867, mabingwa wengi wa zama zake walimpinga vikali.

Kinachonivutia ni jinsi kuvumwani inavyomudu nchi hii, ambako mvua ya gu, yaani masika, ikikosekana mifugo hufa. Haina mizizi. Jua likipanda hukauka kabisa, shughuli zote za uhai husimama, na bado haifi. Zenye mwani wa kijani huweza kuamshwa na unyevu wa hewa pekee. Zenye bakteria hungoja maji yenyewe. Mjerumani Otto Lange, aliyezipima katika jangwa la Negev, alionyesha kwamba umande wa usiku huziwezesha kutengeneza chakula kwa saa chache za asubuhi kabla hazijakauka tena. Kwa hiyo mtambuzi mzoefu huzunguka shina taratibu, akianzia upande unaochelewa kupigwa na jua.

Macho yakikwama, huja kemia. Mtambuzi hukwangua kidogo, hudondosha tone la dawa ya kupaushia nguo, na husubiri. Kuvumwani ya pwani iitwayo Roccella hugeuka nyekundu papo hapo. Hiyo ndiyo iliyochumwa mwambao wa Benadir karne ya 19 ikapitia Unguja hadi Ulaya, ikarowekwa kwa wiki kadhaa katika amonia (zamani mkojo uliochacha) huku ikikorogwa ipate hewa, mpaka ikatoa rangi ya zambarau. Karatasi ya litmasi wanayochovya wanafunzi katika maabara za shule asili yake ni jamii hiyo hiyo.

Kwa lenzi na matone ya namna hiyo, daktari Mwingereza T. D. V. Swinscow na Mnorwe Hildur Krog walitambua kuvumwani za Afrika Mashariki aina baada ya aina, na mwaka 1988 kitabu chao kikatoka London. Nakiheshimu mno. Lakini kinahusu zile kubwa, za umbo la majani na la vichaka. Nyanda kavu kama hizi ni makao ya zile za gamba, ambazo baadhi hazikui hata milimita moja kwa mwaka. Kuitaja moja kwa jina hudai ukate kipande chembamba kwa wembe, ukitie chini ya hadubini, uhesabu spora katika kila kifuko na kupima urefu wake. Natamani kazi hiyo ifanywe katika Chuo Kikuu cha Garissa, na vijana waliolelewa kumtambua ngamia wao kwa unyayo.