Wimbo Usio na Mtu Ndani: Tuuhakiki kwa Lugha Gani?

Asubuhi moja ya Julai, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye mashamba ya majani chai, niliingia katika hoteli moja mjini Othaya kustaftahi. Kijana aliyekuwa akihudumu alikuwa ameunganisha simu yake na spika iliyokaa juu ya kabati la mandazi. Kilichosikika ni mvumo mzito uliopanda na kushuka polepole, bila mwimbaji wala mdundo wa kuchezea. Mzee aliyeketi karibu nami akashindwa kuvumilia.

"Kijana, hiyo redio imeharibika?"

"Haijaharibika, guka. Hiyo ni albamu ya KMRU, inaitwa Peel."

"Sasa huo ni wimbo gani hauna mtu ndani?"

Kijana akakuna kichwa. "Iko tu poa, guka. Inatuliza." Alipoona hajaeleweka akajaribu Kiingereza, nacho hakikumfikisha mbali. Mwishowe akasema: "Huyu ni mjukuu wa Kamaru."

"Kamaru yupi? Wa Kangema?"

"Huyo huyo."

Mzee akaweka kikombe chini, akatega sikio.

Mpenzi msomaji, kwangu mimi swali la mzee huyu ni swali la uhakiki. Wimbo usio na maneno tutausemea nini kwa Kiswahili, zaidi ya kusema ni poa?

Tuanze na jina. Joseph Kamaru, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2018, alitoka Kangema, Murang'a, mwendo mfupi kutoka Othaya ukipitia Kiriaini. Alijenga sifa yake kwa maneno: mafumbo, methali na maonyo kwa wakubwa na wadogo. Wimbo wake Ndari ya Mwarimu wa miaka ya 1960 uliwakasirisha walimu, maana kila mtu alielewa ulisema nini. Mjukuu naye anaitwa Joseph Kamaru, kwa desturi ya Wagikuyu ya kumrithisha mtoto jina la babu. Lakini kwenye kazi zake huandika KMRU. Irabu a zote mbili zimeondolewa. Kiswahili ni lugha inayoegemea irabu, kwa hiyo jina hilo halisomeki mpaka msomaji arudishe mwenyewe kilichotolewa.

Albamu yake Peel, iliyotolewa 2020 na kampuni ya Editions Mego ya Vienna, inamtaka msikilizaji afanye kazi iyo hiyo. Ina vipande sita vinavyochukua zaidi ya saa moja, na hakuna neno linaloimbwa. Peel kwa Kiingereza ni ganda, na pia ni kumenya au kubambua. Ukisikiliza utagundua kwamba mwanamuziki hamenyi chochote. Yeye anarundika sauti juu ya sauti, tabaka juu ya tabaka. Anayemenya ni sikio lako.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapokwama. Shuleni tumezoeshwa kugawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui, na tunapofika kwenye wimbo tunakimbilia maneno yake: ujumbe ni upi, mafunzo ni yapi, nafsineni ni nani. Ukiondoa maneno, mwanafunzi hana la kujaza kwenye karatasi. Nao mashabiki, ambao hawasubiri ruhusa ya wasomi ili wapende kitu, wamebaki na neno moja tu, "inatuliza".

Sikubaliani na neno hilo. Linaufanya muziki kuwa dawa ya usingizi, na Peel si kazi ya kulalia. Kipande cha kwanza kinaitwa Why Are You Here. Ukikifasiri "Kwa nini uko hapa?" umeuliza sababu. Ukisema "Mbona uko hapa?" umeongeza mshangao, pengine na lawama. Ninavyokisikia mimi, mvumo wake umebeba hiyo "mbona". Haukukaribishi wala haukufukuzi, na utulivu wake una wasiwasi ndani yake.

Hata Waingereza walilazimika kutafuta istilahi. Mwaka 1994 mhakiki Simon Reynolds aliandika kuhusu posti-roki, yaani muziki unaotumia ala za roki kwa shughuli isiyo ya roki. KMRU hayumo katika kundi hilo, lakini mfano unatufaa: mhakiki alisikia jambo lisilo na jina akalitafutia jina. Mimi napendekeza tuuite muziki wa KMRU muziki wa mvumo. Upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na habari pia huvuma. Tunajua kwamba ngoma ivumayo sana haidumu, hupasuka. Ustadi wa Peel ni kuvuma muda mrefu karibu na kupasuka, bila kupasuka.

Maneno mengine tunayo tele. Sauti hurindima kama radi iliyo mbali. Huchakarisha kama majani makavu. Hufifia. Na ipo kuhanikiza, kitenzi tunachokitumia kwa makelele na kwa manukato, maana vyote viwili hujaa chumbani mpaka visiache nafasi. Sijui neno linaloieleza albamu hii vizuri kuliko hilo. Tanakali za sauti nazo zisiishie kuwa swali la mtihani. Hizo ndizo msamiati wa sikio.

Wala tusidhani muziki usio na mwimbaji ni ugeni. Wapenzi wa taarabu ya Unguja wanaijua bashrafu, kipande cha ala tupu kinachofungua onyesho kabla mwimbaji hajasimama. Na wapenzi wa benga wanakijua kile kipindi ambapo mwimbaji hunyamaza na gitaa likaanza kukimbia, watu wakainuka vitini.

Kasoro ninayo moja ya kutaja. Kwa masikio yangu vipande vya katikati vinakaribiana mno, na kwenye spika ndogo kama ile ya hotelini sauti za chini hupotea kabisa, ukabaki na ganda bila tunda. Huenda mzee hakukosea sana kudhani redio ni mbovu.

Kabla sijalipa, alimgeukia kijana tena. "Hata babu yake alikuwa ananyamaza, gitaa likaongea. Lakini alikuwa anarudi."

Kijana hakuwa na jibu. Mimi niliona kwamba mzee ameshafanya uhakiki: amelinganisha, ametaja mbinu, ametoa hukumu. Na hakuhitaji Kiingereza.